Kamba ya Pori na Virusi vya SIDA

Kwetu wengi wanaita kila kidonge kinini. Lakini kinini ya kweli, ile ya malaria, ilitoka katika ganda la muti, na muti huo unapandwa hata Kivu. Basi mutu asikuambie kama dawa za miti ni upuuzi. Ila toka muti mpaka kidonge safari ni ndefu.

Sikilizeni habari ya kamba moja ya pori. Mwaka 1987 majani yake yalichumwa katika pori la Korup, Kameruni, yakapelekwa Marekani kupimwa. Wafundi wa labo wakakuta ndani yake kitu cha ajabu, wakakiita mishelamini B. Katika chupa kilizuia virusi vya SIDA, aina ya kwanza na ya pili, visiue chembe. Furaha kubwa! Kamba yenyewe ilikuwa haina hata jina katika vitabu. Ililipata mwaka 1993. Watu wakaokota majani makavu yaliyoanguka, ili kamba isikatwe ovyo.

Halafu wakajaribu kwa wanyama. Kumbe kipimo cha kushinda virusi kilikuwa karibu sana na kipimo cha kuumiza mwili. Kazi ikasimama, na hakuna kidonge kilichotoka humo.

Vijana, mumeona? Ndani ya chupa haiko ini, haiko figo, haiko mutoto tumboni. Muuzaji wa soko akisema majani yake yanaua virusi, pengine hasemi uongo. Umuulize tu: yanaua wapi, katika chupa ao katika mutu?

Tena kuna hatari ingine, na hii inagusa jamaa nyingi. Mwaka 2000 waganga wa Marekani walionyesha kwamba mumea mumoja wa Ulaya, wenye maua ya manjano, ambao watu wanakunywa juu ya huzuni, ulipunguza katika damu zaidi ya nusu ya indinavir, dawa moja ya SIDA. Mutu anameza vyote viwili akifikiri atapata nguvu mara mbili, kumbe kimoja kinafukuza kingine, na virusi vinapata nafasi.

Kwa hiyo wewe unayemeza dawa za SIDA, usiziache, tena usifiche majani unayokunywa nyumbani. Funga kipande cha muzizi katika karatasi, umuonyeshe munganga siku ya kuchukua vidonge. Hata kama ulipewa na nyanya yako mwenyewe.