Viza ya mwenza Uingereza: kila karatasi ina historia yake

Anayetaka kumfuata mume au mke wake Uingereza hukutana kwanza na orodha: salari slipu za miezi sita, taarifa za benki, cheti cha Kiingereza, cheti cha kupimwa kifua kikuu, cheti cha ndoa, ushahidi wa makazi, ushahidi wa uhusiano. Orodha inataja kinachotakiwa bila kueleza sababu yake. Ndiyo maana utakuta maombi yaliyojaa picha za harusi lakini yamekosa barua ya mwajiri, na watu wenye ndoa ya kweli kabisa wananyimwa viza kwa kasoro ambayo hakuna aliyewaonya.

Masharti haya hayakutungwa kwa siku moja. Kila moja liliwekwa na serikali fulani, katika mwaka fulani, kwa sababu ya hofu fulani. Ukiielewa hofu hiyo, utajua afisa anatafuta nini anaposhika karatasi yako. Nimeandika makala hii kwa ajili ya wanaojiandaa sasa, wa Tanzania na Kenya hasa, na kwa ndugu zao wanaongoja bila kuelewa kinachochelewesha.

Hofu ya kwanza: nani anamfuata nani

Historia hii inapita Nairobi. Baada ya uhuru, Wakenya wengi wenye asili ya Asia walibaki na pasipoti za Uingereza, na mwaka 1967 sheria mpya za Kenya kuhusu kazi na uhamiaji zilipoanza kuwabana, wakaanza kuhamia huko. Bunge la London lilijibu kwa sheria ya mwaka 1968 iliyopitishwa kwa siku tatu tu. Tangu hapo, mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye hakuwa na mzazi wala babu au bibi wa nchi ile hakuwa tena na haki ya kuingia bila kizuizi.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya ndoa. Mwanamume aliyeishi Uingereza aliweza kumleta mkewe, lakini mwanamke aliyetaka kumleta mumewe aliwekewa vikwazo. Vikwazo hivyo vililegezwa mwaka 1974, kisha vikakazwa tena mwaka 1980. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mwanamume mgeni atatafuta kazi na kuongeza ushindani, na mwanamke mgeni hatafanya hivyo.

Wanawake watatu waliokuwa na haki ya kuishi Uingereza, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, walipeleka kesi kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Tarehe 28 Mei 1985 mahakama iliamua kwamba kanuni hizo ziliwabagua kwa jinsia. Ushindi huo ulikuja na uchungu wake. Serikali ilisawazisha mambo kwa kupunguza haki: badala ya kuwapa waume nafasi waliyokuwa nayo wake, iliwawekea wake vikwazo vilevile vya waume.

Kikwazo kikubwa kilikuwa kanuni ya lengo kuu la ndoa. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba lengo kuu la kuoana halikuwa kuingia Uingereza. Fikiria ugumu wa kuthibitisha jambo ambalo hukulikusudia. Mtu aliyekiri kwenye mahojiano kwamba angependa kuishi Uingereza aliweza kujiponza kwa ukweli wake mwenyewe. Kanuni hiyo ilifutwa Juni 1997, lakini sehemu ya swali lake ilibaki. Leo unatakiwa kuonyesha kwamba mmeonana ana kwa ana, kwamba uhusiano wenu ni wa kweli na unaendelea, na kwamba mnakusudia kuishi pamoja.

Kwa hiyo afisa anataka kuona muda. Picha mia moja za siku moja ya harusi zinathibitisha siku moja. Tiketi za safari, picha chache za nyakati tofauti pamoja na ndugu wa pande zote mbili, kumbukumbu za simu na jumbe zilizotawanyika katika miezi na miaka, na risiti za fedha mlizotumiana zinaonyesha maisha yanayoendelea. Jumbe za Kiswahili mtakazozitumia zipelekwe na tafsiri yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na maelezo kwamba tafsiri ni sahihi.

Cheti cha ndoa zetu

Uingereza kwa kawaida huitambua ndoa iliyofungwa kwa kufuata sheria za mahali ilipofungwa, na hapo ndipo ndugu zetu wengi hukwama. Posa imepokelewa, mahari imelipwa, wazee wamebariki au shehe ameozesha, lakini hakuna hati ya serikali. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeziweka ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu chini ya paa moja, na zote zina utaratibu wa kusajiliwa. Tanzania Bara, cheti cha usajili hupatikana kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili. Shughulikieni usajili mapema, na hakikisheni majina yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Waislamu wazingatie mambo mawili zaidi. Nikahi iliyofungwa kwa wakala wakati bwana harusi yuko mbali inaweza kuwa halali, ila sharti la kuonana ana kwa ana halijaondolewa. Na tangu sheria ya mwaka 1988, mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja hawezi kumleta mke mwingine kwa njia hii ikiwa mke wa kwanza tayari ameingia kama mkewe. Kama kulikuwa na ndoa kabla ya hii, hati ya talaka au cheti cha kifo lazima kiwemo.

Umri na Kiingereza

Mwaka 2008 serikali ilipandisha umri wa wanandoa wanaoomba viza kutoka miaka 18 hadi 21, ikisema inawakinga vijana dhidi ya ndoa za kulazimishwa. Diego Aguilar Quila, kijana wa Chile aliyeoa Mwingereza kwa hiari, alikwama kwa sababu hiyo. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na Oktoba 2011 majaji waliamua kwamba kanuni hiyo ilivunja haki ya maisha ya familia kwa watu wasiohusika na kosa lolote. Umri ukarudi kuwa 18.

Sharti la Kiingereza lilianza Novemba 2010. Kwa viza ya kwanza kinachotakiwa ni ngazi ya A1, yaani kusikiliza na kuzungumza mambo ya msingi. Mwalimu wa Kiingereza kutoka Kisumu au Arusha naye hujikuta ana deni la mtihani huu, kwa sababu Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa. Cheti cha kidato cha nne hakitoshi. Njia ya kuukwepa mtihani ni shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza na kuthibitishwa na Ecctis, shirika la Uingereza linalolinganisha vyeti vya nje. Asiye nayo afanye mtihani kwenye kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza, maana mtihani mwingine wowote, hata ukiwa mgumu zaidi, hautahesabiwa.

Hofu kubwa zaidi: pesa

Tarehe 9 Julai 2012, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kanuni za familia ziliandikwa upya katika sehemu iitwayo Appendix FM. Muda wa kungoja ukaazi wa kudumu ulipanda kutoka miaka miwili hadi mitano, na mdhamini, yaani mwenza aliyeko Uingereza, akatakiwa kuwa na kipato kisichopungua pauni 18,600 kwa mwaka. Kiwango hicho kilitokana na ushauri wa kamati ya wataalamu wa uhamiaji walioulizwa: ni kipato gani kinachofanya familia isihitaji msaada wa serikali unaotolewa kwa wenye kipato kidogo? Hofu hapa, basi, ni kwamba mwenza atakuwa mzigo kwa hazina.

Familia zilizoumizwa zilikwenda mahakamani katika kesi inayojulikana kama MM (Lebanon). Februari 2017 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kuwa na kiwango cha chini cha kipato si kosa kisheria, lakini ilisema kanuni hazikujali vya kutosha maslahi ya watoto. Agosti mwaka huo zikarekebishwa, na katika hali za kipekee vyanzo vingine vya fedha vikaruhusiwa kuangaliwa.

Desemba 2023 serikali ilitangaza mpango wa kufikia pauni 38,700. Hatua ya kwanza ilianza tarehe 11 Aprili 2024 kwa pauni 29,000, na serikali iliyoingia Julai mwaka huo ikasimamisha hatua zilizobaki. Naona kiwango hiki ni dhuluma. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu anayefanya kazi saa 40 kila wiki, mwaka mzima, kwa kima hicho hupata takriban pauni 25,400. Huyo ndiye mlezi wa wazee, mfanyakazi wa ghala, mpishi wa hoteli, yaani kazi ambazo wengi wetu tunazifanya. Hadai msaada wa mtu, analipa kodi, na bado anaambiwa hana uwezo wa kuishi na mkewe. Mwaka 2015 ripoti ya Kamishna wa Watoto wa England ilikadiria kwamba watoto wanaofikia 15,000 walikuwa wametenganishwa na mzazi au kulazimika kuhama kwa sababu ya kanuni hizi. Wakati ule kiwango kilikuwa bado 18,600.

Kanuni ikiwa bado ipo, izingatieni hivi:

Mdhamini aliyeajiriwa na mwajiri mmoja kwa miezi sita apeleke salari slipu za miezi hiyo, taarifa za benki za miezi hiyohiyo zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri. Karatasi za mwisho zisiwe zimepita siku 28 kabla ya kutuma maombi. Kwa mwenye mshahara wa kudumu, hesabu hufuata kiwango cha chini kabisa alichopokea katika kipindi hicho, hivyo nyongeza ya mwezi uliopita haisaidii bado.

Mshahara ambao mwombaji anaupata Nairobi au Dar es Salaam hauhesabiwi, hata ukiwa mkubwa. Lakini kodi ya nyumba mnayoimiliki na kuipangisha inaweza kuhesabiwa ikithibitishwa. Akiba nayo huhesabiwa: asiye na kipato chochote kinachokubalika anahitaji pauni 88,500 zilizokaa kwa miezi sita. Mchango wa ndugu unakubalika kama ni zawadi. Mkopo haukubaliki.

Mdhamini anayepokea posho fulani za ulemavu au za kumtunza mgonjwa hapimwi kwa kiwango hiki. Kwake kipimo ni kama familia itaweza kujikimu. Wapo wanaostahili nafuu hii ambao hawajawahi kuisikia.

Bei ya mlango

Ada ya maombi kutoka nje ya nchi ilifika pauni 1,938 Aprili 2025. Juu yake kuna tozo ya afya, ambayo ilianza mwaka 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035. Kwa viza ya kwanza ya miezi 33 unalipa pauni 3,105 kwa mkupuo. Baada ya hapo kuna kuongeza muda kwa miezi 30 mingine na kulipa tena, kabla ya kufikia miaka mitano. Waombaji walioko Kenya na Tanzania huongeza gharama ya kupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi sita tu, kwa hiyo usikimbilie kupima kabla makaratasi mengine hayajakaribia kukamilika.

Mkinyimwa

Kunyimwa viza ya mwenza si mwisho. Kwa kawaida barua ya kukataliwa hutoa haki ya kukata rufaa kwa misingi ya haki za binadamu, na aliye nje ya Uingereza ana siku 28. Soma barua sentensi kwa sentensi. Kama kosa lilikuwa karatasi iliyosahaulika, kuomba upya huenda kukawa kwa haraka kuliko rufaa. Kama afisa ameutilia shaka uhusiano wenyewe au amepuuza maslahi ya mtoto, tafuteni mwanasheria aliyesajiliwa, na muwe macho na wale wanaojiita mawakala ambao hawana kibali.

Mpangilio wa maandalizi

Anzeni na pesa, kwa sababu ndizo zinazohitaji miezi sita isiyoweza kufupishwa. Katika miezi hiyo sajilini ndoa, fanyeni mtihani wa Kiingereza na kusanyeni ushahidi wa uhusiano hatua kwa hatua. Kipimo cha kifua kikuu na barua ya mwajiri vije mwisho. Siku ya kutuma, angalieni tena viwango kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uingereza, kwa sababu hubadilika.

Na waelezeni wazazi na wakwe mapema. Wengi huhesabu kwamba baada ya harusi safari ni wiki chache, na ukimya unaofuata huzaa maneno: kwamba ameachwa, kwamba mume ana mtu mwingine huko. Waambieni tangu kikao cha kwanza cha harusi kwamba kuna miezi sita ya kuonyesha kipato, kisha kuna kungoja jibu. Wakiujua utaratibu, watawasaidia kuvumilia badala ya kuwaongezea shinikizo.