Miamba ya Nakuru Nayo ni Urithi

Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elmenteita katika orodha ya Urithi wa Dunia. Vigezo vilivyotumika vilikuwa vitatu: uzuri wa mandhari, uhai wa ikolojia na wingi wa viumbe, hasa heroe na ndege wengine. Kigezo cha historia ya dunia inayosomeka kwenye miamba hakikutumika. Maziwa yalistahili heshima hiyo, lakini imetuzoesha kumtazama ndege bila kuuliza ziwa lenyewe lilitoka wapi. Miamba ya Nakuru ni urithi sawa na heroe, na kuipuuza kunatugharimu.

Ushahidi unaanzia barabarani. Dereva wa lori anayeshuka kutoka Sachangwan kwenda Salgaa, akihofia breki zisije zikagoma, anateremka ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa. Mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyelipitia bonde hili mwaka 1893, alieleza kwamba halikuchongwa na mto, bali ardhi ilizama katikati ya nyufa. Kupitia nyufa hizo volkeno zilipanda, na majivu yake yakaufunika Mau na kuzaa udongo unaostawisha viazi vya Molo. Volkeno ya Menengai nayo iliporomoka ikaacha shimo lenye upana wa takriban kilomita 12, na joto lililo chini yake sasa linazalisha umeme. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna dayatomaiti, mwamba mweupe uliofanyika kwa maganda ya mwani mdogo mno. Ni alama ya ziwa la kale lenye maji baridi, katika eneo ambalo leo Elmenteita ni ziwa la magadi lenye kina kifupi. Hapo hapo Louis Leakey alifukua shoka za mawe, baadhi zikiwa za obsidiani, yaani kioo cha volkeno, zilizochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Volkeno ndiyo iliyompa mchongaji malighafi.

Wapo watakaosema kwamba mtalii hulipa kuona heroe, si majabali. Zumaia, mji mdogo wa pwani ya Wabaski nchini Uhispania, unawajibu. Magenge yake yenye tabaka za chokaa yalichaguliwa na wanajiolojia mwaka 2008 kuwa kipimo cha dunia cha mianzo ya vipindi viwili vya historia ya dunia, na mji huo, pamoja na Deba na Mutriku, ni jiopaki, yaani eneo linalotambuliwa kwa thamani ya miamba yake, inayowavutia wageni. Hata hivyo, fedha za utalii si sababu kuu; kuu ni gharama ya kutoijua miamba. Floridi inayotia meno rangi ya kahawia katika sehemu nyingi za Nakuru hutoka kwenye miamba ya volkeno. Na Ziwa Nakuru lilipofurika katika muongo uliopita na kumeza lango kuu la hifadhi, wengi walishangaa, ilhali alama za fukwe za kale zinaonyesha kwamba miaka 10,000 hivi iliyopita Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja, lenye maji yaliyopanda zaidi ya meta 100 juu ya kiwango tulichokizoea.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi: kila neno hifadhi likitamkwa, mkulima na mchimba mawe huuliza watahamishiwa wapi. Hofu hiyo ina msingi. Ngorongoro Lengai, nchini Tanzania, ilitambuliwa kuwa jiopaki ya UNESCO mwaka 2018, na Wamaasai wa Ngorongoro bado wana mgogoro mkali na serikali yao kuhusu kuhamishwa. Hadhi ya jiopaki peke yake haipigi marufuku kilimo wala makazi. Lakini pia haiponyi sheria mbaya za ardhi. Kwa hiyo Nakuru isianze kwa kukimbilia cheti. Kariandusi na eneo la kale la Hyrax Hill tayari ziko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya: ianze hapo, vijana wa maeneo hayo wafunzwe kuwa waongozaji wa jiolojia. Kisha kaunti ichore ramani ya kuta za miamba zisizopaswa kuvunjwa kabla ya kutoa leseni za machimbo mapya. Dayatomaiti imechimbwa jirani na makumbusho ya Kariandusi kwa miaka mingi, kwa hiyo kazi na kumbukumbu zinaweza kukaa pamoja, mradi mipaka iwekwe kabla ya sururu kufika.