Jina la Mashine na Mwenye Kiwanda

Leo tutazungumza juu ya mashine za boti, zile za kupachika nyuma ya chombo.

Tuseme wewe ni mvuvi wa Feri. Umekwenda Kariakoo na fedha za jasho lako, ukaonyeshwa Johnson au Evinrude iliyokwisha tumika. Usitazame rangi tu. Uliza kwanza: vipuri vyake vitapatikana wapi?

Evinrude ilianzishwa na Ole Evinrude mjini Milwaukee, Marekani. Johnson ilikuwa mshindani wake, lakini kufika mwaka 1936 zote mbili zilikuwa mali ya kampuni moja. Ndiyo sababu vipuri vyao vingi vinaingiliana. Kampuni hiyo, OMC, ilifilisika Desemba 2000, na mwaka 2001 Bombardier ya Kanada ikanunua majina hayo. Baadaye jina la Johnson liliachwa. Na mwaka 2020 BRP, iliyotokana na Bombardier, ikaacha kutengeneza Evinrude.

Mercury nayo ni mali ya Brunswick tangu 1961. Yamaha ya Japani ilitoa mashine yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1960, na ingali inazitengeneza.

Basi, fanya hivi. Soma namba iliyo kwenye kibati cha mashine yenyewe, maana kofia huweza kubadilishwa. Ipeleke kwa muuza vipuri kabla hujalipa. Asipokuwa na vipuri vya pampu ya maji, fikiri tena. Mashine ikizimika nje ya Mbudya, jina halivuti chombo pwani.

Swali la kikundi: Mashine yenu ni ya kampuni gani leo?

Kwaherini.