Kilwa: Magofu ya pwani na kumbukumbu zilizovuka bahari

Msafiri wa Marekani anayetaka kuona mji wa kale wa pwani mara nyingi huelekea Mediterania, kutazama magofu ya Warumi na kupumzika ufukweni. Lakini kwa baadhi ya familia zinazoishi Louisville, Columbus na Buffalo, pwani ya kale iliyo karibu zaidi na historia yao ni Kilwa, kusini mwa Tanzania.

Familia hizo ni za Wabantu wa Kisomali. Katika karne ya 19 mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa Somalia kulima mashamba. Si wote waliopitia Kilwa, lakini Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za biashara hiyo. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwakimbiza wajukuu wao hadi kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwapokea maelfu yao.

Mgeni hufikia kwanza Kilwa Masoko, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, penye ufukwe wa Jimbizi. Baada ya kupata kibali, huvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Huko umesimama Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, ulioanza kujengwa karne ya 11, pamoja na Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman yenye birika la pembe nane. Utajiri huo ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Wareno waliuteka mwaka 1505.

Shirika la UNESCO liliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuo na kuta zikibomoka. Baada ya kazi ya ukarabati, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Hata hivyo, anayeishia kisiwani huona fahari ya masultani peke yake. Kivinje iko bara, kaskazini mwa Masoko, na ilistawi baada ya Kisiwani kufifia. Haina kasri wala kuba za kusifiwa. Lakini kwa kijana aliyezaliwa Columbus, huenda ndipo mahali ambapo babu wa babu yake aliiona nchi yake kwa mara ya mwisho.