Mhitimu wa Nakivale Kwenye Usaili wa Kazi Mbarara: Mambo ya Kuandaa

Mhitimu anayetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kwenda kwenye usaili wa kazi mjini Mbarara huhofia sana maswali ya masomo. Lakini swali linaloweza kumwangusha ni jepesi kuliko hayo: "Wewe ni mkimbizi. Je, sheria inaniruhusu kukuajiri?" Ukibabaika hapo, mwajiri ataona unamletea matatizo na serikali, na nafasi itakwenda kwa mwingine.

Haki ya kufanya kazi

Jibu ni ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kutafuta na kufanya kazi ya kipato. Kanuni za sheria hiyo zilizotolewa mwaka 2010 zinathibitisha haki hiyo. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi na nakala yake, na kabla ya usaili pita ofisi ya OPM hapo Nakivale uulize utaratibu unaotakiwa kwa sasa. Kisha jibu kwa utulivu: "Ndiyo mzee, sheria inaruhusu. Kitambulisho changu ni hiki, na ofisi ya OPM inaweza kukuthibitishia." Usimfundishe mwajiri sheria kana kwamba mko mahakamani. Mtoe hofu tu.

Vyeti vinavyoeleweka

Tatizo la pili ni majina ya vyeti. Mhitimu kutoka Kongo akisema ana "diploma", Mganda anaelewa masomo ya chuo baada ya sekondari. Kumbe Diplôme d'État ya Kongo ni cheti cha kumaliza sekondari. Mwajiri akigundua tofauti hiyo katikati ya mazungumzo, anaweza kudhani umemdanganya.

Kwa hiyo linganisha vyeti mapema. Vya sekondari vinalinganishwa na baraza la mitihani, UNEB. Vya chuo na shahada vinalinganishwa na baraza la elimu ya juu, NCHE. Vilivyoandikwa kwa Kifaransa vitafsiriwe kwa Kiingereza na mtu anayetambuliwa. Kazi hii inachukua muda na ada, hivyo usisubiri hadi uitwe. Kama bado hujapata majibu, sema wazi kwamba umeomba na uonyeshe risiti.

Ijue biashara ya mwajiri

Mbarara ni njia panda ya biashara. Barabara ya kwenda Rwanda hupita Katuna au Mirama Hills. Kwa Tanzania kuna Mutukula, na karibu zaidi na Nakivale kuna Kikagati, ng'ambo ya Murongo. Maziwa na ndizi za matoke za eneo hili husafirishwa mbali. Ukiomba kazi ya karani, stoo au usafirishaji, uliza kabla kampuni inauza nini na inapitisha mpaka gani.

Jifunze pia mambo machache ya forodha. Kwa mfano, mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa mpakani. Mhitimu anayelijua hilo anaonekana tofauti na yule anayesema tu kwamba "ni mchapakazi".

Lugha ni mtaji

Wengi huficha kwamba wanajua Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda au Kirundi, wakiona Kiingereza ndicho kinachohesabiwa. Kiingereza cha usaili ni lazima, ndiyo. Lakini Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwenye bidhaa anahitaji mtu wa kuongea na dereva, dalali na mteja wa Bukavu au Goma. Toa mfano mmoja wa kweli: ulitafsiri mkataba, ulitunza daftari la duka Base Camp, au ulipatanisha wauzaji sokoni. Salamu ya Runyankore mlangoni, "Agandi, sebo" kwa mwanamume au "nyabo" kwa mwanamke, nayo husaidia.

Siku yenyewe

Toka Nakivale mapema, au lala Mbarara siku iliyotangulia, maana mvua na teksi inayosubiri abiria vinaweza kukuchelewesha. Usaili ukiwa upande wa Makenke, penye kambi ya Divisheni ya 2 ya jeshi la UPDF, uliza jina la jengo kabla ya kupanda boda boda. Beba kitambulisho na usipige picha ovyo.

Mwisho, na wewe uliza: mkataba ni wa maandishi? Mshahara unalipwa lini? Michango ya NSSF inapelekwa? Kwa kawaida mwajiri huchangia asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Na ukidaiwa pesa ili uingie kwenye usaili, ondoka, hata kama umetumia nauli. Afadhali kupoteza nauli kuliko akiba ya familia.