Kutu katika Mabomba ya Mvuke wa Petroli

Mwenye gari kuukuu huzoea milio na mitikisiko mingi. Hata hivyo, iko dalili moja isiyofaa kuzoewa kamwe: harufu ya petroli karibu na gari lililoegeshwa, hali chini yake halikudondoka hata tone. Mara nyingi kinachovuja hapo si petroli yenyewe bali ni mvuke wake, unaotoroka katika bomba jembamba lililoliwa na kutu.

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, na baadhi yake huanza kuchemka kwenye joto la sentigredi 30 hivi. Gari likisimama juani, mvuke hujaa tangini na kutafuta njia ya kutokea. Hapo zamani uliachwa uende hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha, huko California, kwamba mvuke wa namna hiyo, ukichanganyika na oksaidi za naitrojeni na kupigwa na jua, huzaa ozoni na ukungu mchafu unaowasha macho. Kwa sababu hiyo jimbo la California liliagiza magari ya toleo la mwaka 1970 yawe na mtambo wa kuuzuia mvuke huo. Kwa magari ya toleo la 1971 agizo hilo likaenea Marekani nzima.

Mtambo wenyewe si mgumu kuuelewa. Bomba hutoka sehemu ya juu ya tangi, hupita chini ya gari na kuishia katika kopo lililojazwa mkaa. Huu si mkaa wa jikoni, bali umetayarishwa mahsusi hata ukawa na vitundu visivyohesabika. Gramu moja yake huweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 au zaidi. Mvuke hunasa humo. Injini inapofanya kazi huvuta hewa kupitia mkaani, na mvuke ukachukuliwa na kuchomwa pamoja na petroli nyingine.

Bomba hilo katika magari mengi ya zamani ni la chuma, na chuma hushikwa na kutu palipo na maji na oksijeni. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni tendo la kikemia linaloandamana na mkondo mdogo wa umeme ndani ya chuma chenyewe. Ndiyo sababu magari ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja huliwa upesi kuliko ya bara. Hali ni hiyo hiyo kwa gari lililotumika katika sehemu za Japani zenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Kutu huanzia hasa penye vibanio, ambapo matope hushika unyevu.

Hatari yake si ndogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Kwa hiyo hautawanyiki upesi, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya katika shimo la fundi. Ukifikia kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, cheche ya swichi yatosha kuuwasha.

Kwa hiyo matengenezo yafanyike mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa na waya wa betri umefunguliwa. Bomba likatwe kwa kikatio cha mkono, si kwa mashine inayotoa cheche, mpaka kufikia chuma kizima. Kuchomelea karibu na tangi ni jambo la kukatazwa kabisa. Na tangi linaloonekana tupu ni la kuogopwa zaidi, maana limejaa mvuke uliochanganyika na hewa.

Kipande kipya kiwe cha chuma kilichopakwa kinga, au cha aloi ya shaba na nikeli. Shaba tupu haifai, kwani mtikisiko huigandamiza ikawa ngumu na kupasuka. Aidha, aloi hiyo isiguse chuma kitupu cha bodi, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana penye maji ya chumvi, chuma huliwa haraka zaidi. Kwa hiyo vibanio viwekewe mpira. Maungio yafanywe kwa mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, kwani ule wa maji huvimba na kuoza. Ncha ya bomba itunishwe kidogo ili mpira usichomoke.

Wako wanaoona ni rahisi kuliziba bomba lililotoboka. Wanakosea. Tangi lisilopumua huongezeka kanieneo, yaani msukumo wa ndani, wakati wa joto. Na pampu inapovuta petroli, huweza kubaki ombwe linalobonyeza tangi au kuizimisha injini.

Kazi ikimalizika, bomba lijaribiwe kwa moshi wa mashine maalumu wenye msukumo mdogo sana. Hewa ya kujazia matairi isitumike, kwani huweza kupasua kopo la mkaa. Baada ya hapo, inatosha sehemu ya chini ya gari ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaguliwa kila mwaka masika yanapokwisha, hasa nyuma ya kila kibanio.