Njia za miguu Shengena: mzunguko unaofuata maji kutoka Mbaga hadi Makanya

Msafiri anayepita Same kwa basi, akitokea Dar es Salaam kuelekea Moshi au Arusha, huona uwanda mkavu wa miiba na mkonge, na ukuta wa milima upande wa mashariki wa barabara. Ni vigumu kwake kuamini kwamba nyuma ya ukuta huo kuna msitu wenye ukungu, vijito visivyokauka na mashamba ya migomba na tangawizi. Njia rahisi ya kuuelewa uhusiano wa pande hizo mbili ni kutembea kwa miguu: kupanda kutoka Mbaga, kufika kilele cha Shengena, kuteremkia Chome, na kurejea Same kupitia uwanda wa Makanya.

Mzunguko huo unazidi kuvutia watalii wa ndani na wa nje. Hata hivyo, umuhimu wake kwa wananchi wa Wilaya ya Same unavuka utalii, kwa kuwa njia hiyo inafuata chanzo, mapito na mwisho wa maji ambayo maelfu ya kaya huyategemea kwa kunywa na kumwagilia.

Msitu unaotunza maji

Milima ya Pare Kusini ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Uluguru na mingine hadi Udzungwa na Mahenge. Juu yake upo Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 14,000, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ndani yake kipo kilele cha Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, ambacho ni kirefu kuliko vyote katika Milima ya Pare.

Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu, hupanda kwenye miteremko ya mashariki, hupoa na kushusha mvua na ukungu. Zinapovuka kuelekea magharibi huwa zimekwishapoteza sehemu kubwa ya unyevu huo, na ndiyo sababu Same mjini na Makanya hubaki pakavu. Msitu hukamata ukungu kwa majani ya miti, huyapokea maji kwenye udongo wenye mboji, kisha huyaachia kidogo kidogo hata katika miezi ya kiangazi. Msitu ukifyekwa, mvua ileile hushuka kwa kasi ikiwa mafuriko, na vijito hukauka mapema.

Msitu huo pia ni makazi ya viumbe wasiopatikana kwingineko. Mmoja wao ni ndege mdogo wa rangi ya kijani na manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, anayejulikana kisayansi kama Zosterops winifredae, ambaye makazi yake duniani ni Milima ya Pare Kusini pekee.

Historia iliyo kando ya njia

Mbaga, ambako safari nyingi huanzia, hufikiwa kwa barabara ya kupanda mlima kutoka Same. Enzi za utawala wa Wajerumani palikuwa na kituo cha misheni ya Kilutheri. Mmisionari Jakob Dannholz, aliyehudumu huko, aliandika kwa kirefu kuhusu imani na desturi za Wapare, na maandishi yake bado hutumiwa na watafiti wa historia ya eneo hilo.

Karibu na Mbaga yapo mapango ya Mghimbi. Simulizi za wenyeji zinaeleza kwamba katika karne ya 19 familia zilijificha humo kukwepa wawindaji wa watumwa. Lipo pia jabali la Malameni, linalokumbukwa kwa huzuni kuwa mahali pa matambiko ya zamani yaliyohusisha kafara za watoto, desturi iliyokwisha kukomeshwa. Wageni wanashauriwa kufika maeneo hayo wakiwa na mwenyeji wa kijiji, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kuyaheshimu kama wanavyoyaheshimu wazee wa hapo.

Vivyo hivyo kwa misitu midogo ya jadi iliyosalia katikati ya mashamba. Kwa vizazi vingi Wapare walitenga misitu ya matambiko na ya jando ambamo kukata mti kulikuwa mwiko. Mingi kati ya misitu hiyo imehifadhi chemchemi hadi leo, jambo linaloonesha kwamba uhifadhi katika milima hiyo ulianza kabla ya sheria za serikali.

Ndiva na msaragambo

Upande wa magharibi, njia inaposhuka kutoka msituni, msafiri huanza kukutana na mifereji na mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Ndiva hukusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mlango hufunguliwa na maji huelekezwa mashambani kwa zamu. Kijito ambacho kingekuwa dhaifu mno kufika shamba la mbali hupata nguvu ya kufika kwa sababu maji yamekusanywa kwanza. Mfano unaofahamika ni ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala, inayopokea maji ya mto Vudee.

Ndiva huendeshwa na wakulima wenyewe kupitia viongozi wanaowachagua. Hao hupanga zamu, husuluhisha migogoro na huitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kuondoa tope. Asiyeshiriki msaragambo anaweza kupoteza zamu yake au kutozwa faini.

Chini zaidi, uwandani Makanya, wakulima hawana kijito cha mwaka mzima. Wao husubiri mafuriko ya msimu yanayoteremka kutoka milimani na kuyatawanya mashambani, yakiwa yamebeba udongo wenye rutuba. Kwa hiyo uamuzi wa mkulima wa Chome au Vudee kulima hadi ukingoni mwa kijito, au kuchepusha maji bila utaratibu, huonekana miezi michache baadaye katika mavuno ya familia ya Makanya ambayo huenda hajawahi kuiona.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Kwa upande wake, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti, kuchoma moto, kulisha mifugo au kuchimba madini ndani ya msitu wa hifadhi bila kibali. Katika milima yenye mashamba madogo na miteremko mikali, mita 60 ni sehemu kubwa ya urithi wa familia, na ndiyo maana elimu na mazungumzo ya kijiji kwa kijiji yana uzito sawa na katazo lenyewe.

Gharama ya miteremko iliyo wazi inafahamika Same. Mwezi Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya ardhi katika eneo la Mamba Miamba yaliua watu wasiopungua 20, wakiwamo wa familia moja.

Kwa wanaotaka kutembea

Wakati mzuri wa safari ni kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli, njia zinapokuwa kavu. Mzunguko mzima huhitaji siku mbili hadi tatu. Mgeni anatakiwa kupata kibali na kulipia ada ya kuingia hifadhini kupitia TFS kabla ya kuanza safari, kufuatana na mwongozaji anayezijua njia, na kujitambulisha katika ofisi ya kijiji anapolala. Nguo za baridi ni za lazima, kwa kuwa usiku wa Shengena haufanani na joto la Same mjini.

Ni marufuku kuwasha moto msituni mahali pasiporuhusiwa, na taka zote zinapaswa kurudishwa chini. Anayeona moto ndani au kando ya msitu atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji, kwa TFS, au kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Ada ya mwongozaji, malazi na chakula vijijini huipa kaya ya mlimani sababu nyingine ya kuuacha msitu usimame. Kwa kaya ya Makanya, iliyo mwisho wa njia hiyo, faida ya msitu huo ni maji yanayofika shambani.